Mchuzi Uliowasubiri Wageni

Wapishi wenzangu mliobaki jikoni, mmeniomba niandike, nami niliwaonya. Maandishi yangu yote tangu nimalize kidato cha nne yamekuwa neno CHUMVI juu ya kopo la chumvi na neno SUKARI juu ya kopo la sukari, na hata hivyo kuna asubuhi moja mapadri walikunywa chai ya chumvi. Lakini nimekaa hapa nyumbani tangu mniage kwa keki na maneno mazuri, na kazi pekee niliyoipata ni kumwelekeza mke wangu namna ya kukata vitunguu. Juzi alishusha kisu akaniambia, "Baba Neema, si walikwambia uandike? Nenda kaandike." Basi naandika, na mlango umefungwa kwa nje.

Ya vyeo na mishahara nayaruka. Niliingia nikiwa mpishi, nimetoka nikiwa mpishi, na katikati hapo kulikuwa na moshi. Safari nazo msizitegemee. Wenzangu wa rika moja walikwenda Geita kutafuta dhahabu, wengine Kahama kufungua maduka, mmoja alifika hadi Msumbiji akarudi na kofia. Mimi nilikwenda Nyahanga kwenye harusi ya shemeji, nikalala kitanda cha watu, nikaamka shingo imepinda, nikaapa. Kutoka kwangu hadi jikoni mwa nyumba ya wageni ya misheni, hapahapa Ushirombo, ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Huo ndio urefu wa dunia yangu, na umenitosha.

Nitawaandikia hasa habari za Mama Kulwa, kwa sababu wengi wenu mmemkuta kwa jina tu. Mnasema "kipimo cha Mama Kulwa" mkidhani ni kikombe. Alikuwa mtu. Mama wa mapacha, mfupi, mpana, kilemba amekifunga kama anakwenda ugomvini. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amesimama mbele ya sufuria, hakugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Vizuri. Utatusomea mifuko ya unga. Kaa pale ukate vitunguu."

Nikakaa. Vitunguu vilikuwa gunia. Nilikata mpaka jua likahama dirisha moja hadi jingine, na kwa kuwa sikuwa na shida na kukaa, sikunyanyuka hata mara moja. Jioni akapita kukagua, akanitazama mimi kabla ya vitunguu.

"Huyu hajaondoka hapo?" akawauliza wenzake. "Huyu si mpishi. Huyu ni figa."

Ninyi mliozaliwa na majiko ya gesi, figa ni moja ya yale mawe matatu ya kukalishia chungu. Haliendi popote na kazi yake ni kuungua. Jina likanishika, nami nimelivaa miaka yote bila kulifua.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa na tabia moja ambayo ndiyo iliyonifunza kazi: wageni wake walikuja bila taarifa. Masista wanaokwenda Kahama wameharibikiwa na gari. Wanunuzi wa tumbaku wamekwama matopeni wakitoka Ushetu. Kwaya nzima imekosea tarehe ya sherehe. Enzi hizo simu hazikuwepo. Zilipokuja, wageni wakaanza kupiga wakiwa getini, eti wamestaarabika. Na ninyi mnajua kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Ukimwuliza atasema ameshiba, hata kama tumbo lake linaongea kuliko yeye. Unamletea maji anawe, kisha chakula, basi. Maji yakishakauka mikononi na chakula hakijaonekana, mgeni anaanza kuomba radhi kwa kuja. Mama Kulwa alisema hapo umeshamfukuza, hata kama bado amekaa.

Ndiyo maana alikuwa na mchuzi unaosubiri. Alifundishwa na sista mmoja Mwitaliano, mzee, ambaye alirudi kwao na kutuachia sufuria nene ya chuma, nzito kama dhambi. Mchuzi wa nyama wa kumwagia makaroni. Sista alikuwa akiupika kwa ajili ya Jumapili. Mama Kulwa ndiye aliyeona kwamba unaweza kupikwa leo, ukawekwa, ukamwokoa mtu wiki ijayo. Sista alipika kwa mafuta ya nguruwe na divai kidogo. Mama Kulwa akaviondoa vyote viwili.

"Sista hakulalamika?" nilimwuliza.

"Alilalamika. Kisha akala, akaongeza."

"Kwa nini uliviondoa?"

"Wewe unamjua atakayekuja?"

"Simjui."

"Basi sufuria ndiyo imjue."

Maana yake ilikuwa hivi. Mchuzi wa mgeni usiyemjua ni lazima uliwe na yeyote atakayebisha hodi: Mkristo na Mwislamu, mtoto, mzee asiye na meno, mwenye vidonda vya tumbo. Kwa hiyo nguruwe hapana, pombe hapana, pilipili inakaa pembeni kwenye kibakuli. Nyama ilinunuliwa bucha moja tu, ile ambayo mchinjaji wake ni Ustadhi, na mgeni akiuliza nani kachinja, unataja jina bila kumeza mate. Mimi nilisoma sekondari nikafundishwa mambo ya ujirani mwema kwa sura nzima. Mama Kulwa aliyaweka kwenye sufuria.

Namna yenyewe naiandika hapa, kwa sababu nimeona baadhi yenu mnaifupisha, na nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa naondoka.

Nyama iwe ya kazi, siyo laini: paja la mbele, au kifua. Nusu ipite kwenye mashine ya kusagia, nusu ikatwe kwa kisu vipande vidogo kama harage. Ukisaga yote unapata uji wa nyama. Kisu chake Mama Kulwa kilikuwa kimenolewa mpaka kikabaki chembamba kama jani la mtama, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Vitunguu na karoti vianze kwenye mafuta, moto mdogo, mpaka vitunguu visahau kwamba vilikuwa vyeupe. Vitoe. Nyama iingie kwa mafungu, isijazane. Ikijazana inatoa maji na kuchemka, na nyama iliyochemka kabla ya kukaangwa haisamehi. Iache ishike chini, ikwanguke, ishike tena. Kisha itoe nayo, utie nyanya ya kopo ndani ya mafuta hayohayo, uikaange peke yake mpaka igeuke kutoka nyekundu ya kitambaa hadi nyekundu ya tofali la kuchoma. Hapo ndipo wengi mnapokimbia. Msikimbie.

Vitunguu, karoti na nyama virudi. Nyanya mbichi zilizomenywa, kitunguu saumu, maziwa kikombe kimoja, na kungumanga ya kukwaruza, kidogo sana, ikisikika umekosea. Maziwa siri yake sijui, Mama Kulwa alisema yanaituliza nyama, nami naona hata mimi yananituliza. Kisha funika nusu, vuta makaa pembeni, funika makaa kwa majivu, na ukae. Ninarudia: ukae. Mchuzi huu unataka mtu asiye na mahali pa kwenda. Ndio maana nilikuwa hodari kwake kuliko vijana wote waliopita pale wakaenda zao. Unakoroga, unakaa, unaongeza maji ya moto kidogo, unakaa. Adhuhuri inapita, mafuta yanapanda juu mekundu na kutulia, na mwiko ukiuburuta chini njia yake inabaki wazi kabla ya kufunga. Basi umeiva.

Usikoleze chumvi. Utakoleza siku ya mgeni. Upoze haraka, sufuria ndani ya karai la maji baridi, kisha uugawe kwenye makopo madogo ya siagi na kuutia kwenye friza. Makopo madogo, kwa sababu mchuzi ukishapashwa moto haurudi kwenye friza, na wageni watatu hawahitaji ndoo. Tulitumia makaroni mafupi, si tambi ndefu. Nilimwuliza Mama Kulwa kwa nini. Akasema, "Tambi humfanya mgeni ajione mshamba. Makaroni yanaliwa kwa kijiko, na kijiko kila mtu alizaliwa nacho."

Sasa nifike kwenye lile la machimboni, ambalo wengine wenu mmelisikia vibaya vibaya.

Ilikuwa msimu wa mvua. Duara moja la wachimbaji wadogo, ng'ambo ya vilima, liliporomoka. Duara ni lile shimo la kushukia. Matimba, yaani yale magogo ya kushikilia kuta, yaliteleza kwa maji, kifusi kikaziba. Chini walikuwemo watu watatu. Mmoja aliitwa Masanja, kijana wa palepale Bukombe, mwenye mke na mtoto wa kunyonya. Mwanzoni waliokuwa juu walisikia mtu anagonga mwamba kule chini. Wakachimba kumfuata. Kisha kugonga kukanyamaza, nao wakaendelea kuchimba.

Padri akaja jikoni. Watu wamejaa kule, akasema, ndugu na majirani, hakuna anayekula, fanyeni kitu. Mama Kulwa alikuwa amekwenda Ushetu kwa kaka yake, kwa hiyo jikoni nilibaki mimi. Nilijiona mkubwa. Nikapakia unga, maharage, sufuria ile kubwa ya sherehe na mwiko mrefu kama kasia, nikapanda gari la misheni na dereva. Nilipofika nikatandaza turubai, nikatafuta mawe matatu, nikawasha moto. Watu walikuwa wamekaa chini kwa makundi, kimya. Nikasema moyoni, subirini kidogo tu, Figa amefika.

Maji hayajachemka, akaja bibi mmoja mwembamba, amejifunga kanga kifuani, ana ndoo mkononi. Sikujua kuwa ndiye mama yake Masanja.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Nimekuuliza, nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Tumeleta tu chakula cha watu."

"Sufuria kama hii. Mwiko kama huu. Moto wa nje, turubai, watu wamekaa chini." Alikuwa akivinyooshea kidole kimoja kimoja. "Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Chakula hiki nakijua kwa harufu. Mwanangu yuko kazini."

Akamwaga ndoo yote juu ya moto wangu. Mvuke ukanipanda usoni. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka wakanipa migongo. Mmoja wao alikuwa na mtoto kifuani, na mtoto alikuwa akivuta titi, analiacha, analia, analivuta tena. Mwanamke wa pembeni alimnong'oneza dereva wetu kwamba huyo ni Kabula, mke wa Masanja, hajatia kitu mdomoni tangu shimo lizibe, na maziwa yanamkauka.

Nikarudi na sufuria yangu. Dereva, Mungu amweke, hakunitania njia nzima, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Mama Kulwa alikuwa amesharudi. Hakuuliza safari, aliuliza, "Wamekula?"

"Hawakula."

Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Figa," akasema, "umewapelekea matanga."

"Ugali tu, Mama Kulwa."

"Ugali wa nyumbani ni ugali. Ugali wa sufuria ile, nje, chini ya turubai, ni wa harusi au wa msiba. Uliona bibi harusi?"

"Sikumwona."

"Huyo mama akila ugali wako amekubali. Akishakubali, mwanawe ameshakufa, hata kama anapumua. Na mkwewe hawezi kula kabla yake." Kisha akaniuliza kama mwalimu, "Umekula misiba mingapi?"

"Mingi."

"Ulikula nini?"

"Ugali na maharage. Wali. Nyama, kama marehemu alikuwa na ng'ombe."

"Makaroni umekula kwenye msiba wa nani?"

Nikafikiri kwa haki kabisa. Nilipitia misiba ya Bukombe yote ninayoikumbuka. "Hapana," nikasema. "Sijawahi."

"Hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwa makaroni," akasema, akafungua friza.

Nataka mwone alivyofanya kazi siku ile, maana ndiyo kazi. Alitoa makopo yote. Akayatazama, akajua yatakayotosha, sikumwona akihesabu. Mchuzi ulipashwa mpaka ukachemka kwelikweli, ukatokota, si kupata joto tu. Makaroni tuliyatoa majini yakiwa bado magumu kidogo, kwa sababu yatamalizia kuiva njiani ndani ya mvuke wake yenyewe. Ukiyatoa yameiva, utafika na uji. Chumvi ikakolezwa. Kila kitu kikaingia kwenye hotipoti zile za maua, za harusi za waumini, tulizokuwa tukiazimisha. Habari ya kuwasha moto kule hakutaka hata kuisikia.

"Masinia niyaweke?" nikauliza.

"Masinia ya nini? Watu wanakula pamoja sinia wakiwa na jambo. Leo hakuna jambo. Weka sahani. Kila mtu na yake, kama hotelini."

"Na mimi nivae aproni?"

"Wewe nenda ukavae shati la Pasaka. Hatuendi kusaidia watu, tunakwenda kutembea."

Nilipokwenda kubadili shati, gari alilipakia yeye mwenyewe na dereva. Nilirudi nikakuta ameshakaa mbele, hotipoti moja mapajani, ananiambia nimechelewa.

Tulifika jua likiwa limeanza kuinama. Bibi aliponiona mimi akasimama. Mama Kulwa hakumpa nafasi. Alishuka, akaenda moja kwa moja, akaketi chini palepale kwenye udongo karibu na alipokuwa amekaa, akiguna magoti.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila."

Bibi akakaa tena. Hawakusema habari za shimo. Waliongea mvua, waliongea tumbaku ya Ushetu ilivyonyeshewa, Mama Kulwa akawasema vibaya mapacha wake wawili ambao mimi nawajua kuwa ni watu wema. Mimi nimesimama na shati langu la Pasaka, nzi wanalifurahia. Kule shimoni unasikia majembe, na watu wakipokezana makarai ya kifusi. Muda ukaenda. Nikakumbuka makaroni yanaiva ndani ya hotipoti na kuvuka mpaka, lakini nani angethubutu.

Hatimaye Mama Kulwa akasema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mayu, nina chakula cha watoto pale garini. Kikilala kitaharibika. Nisaidie kukimaliza."

"Chakula gani?"

"Makaroni."

Bibi akafunuliwa hotipoti. Akachungulia. "Hii ndiyo wanakula wagonjwa wa Kahama?"

"Ndiyo wanakula watu wenye haraka."

"Na nyama hii mbona haina mfupa? Nyama isiyo na mfupa inaficha kitu."

"Inaficha uvivu wa huyu hapa." Akanionyesha kwa kidevu. "Tazama alivyokata. Huku jiwe, huku mchanga."

Kuna mwanamke alicheka. Alicheka kidogo tu, akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Bibi akaninyooshea macho, kutoka kwenye shati hadi kwenye viatu.

"Huyu ndiye aliyekuja kutuzika?"

"Ndiye. Anaitwa Figa. Hana ubaya, ni jiwe tu."

Bibi akachukua kijiko. Akaonja. Alitafuna kwa muda mrefu kitu ambacho hakihitaji kutafunwa. Sijawahi kumwogopa mkaguzi yeyote wa afya kama nilivyoyaogopa mashavu yale. Kisha akajaza sahani, akainuka, akampelekea Kabula.

"Kula, ng'wanawane," akamwambia, yaani mwanangu. "Hiki siyo kile."

Kabula akaitazama sahani, akamtazama mkwewe. Akala kijiko kimoja, akasubiri, kama anayesikiliza kama kuna kilichobadilika kule chini. Akala cha pili. Nilikuwa nimeona kila namna ya mlaji, maaskofu na madereva wa malori, lakini kijiko cha tatu cha yule mwanamke nakikumbuka mpaka leo. Baada ya hapo hakusimama. Wengine wakasogea. Wachimbaji waliotoka zamu wakaja na matope hadi kwenye kope, mmoja akasimama mbali na sahani yake.

"Mama, samahani. Nani kachinja?"

"Ustadhi wa bucha ya sokoni. Mwulize Figa, anamdai kila siku mfupa wa supu."

"Namfahamu huyo," akasema yule kijana, akakaa, akala.

Kabla hatujaondoka, mtoto wa Kabula alikuwa amelala na titi mdomoni. Mama Kulwa alimpita, akamtupia jicho, akaendelea kukusanya vijiko. Njiani hakusema ila kwamba makaroni yalikuwa yamevuka mpaka, na kesho tuyatoe mapema zaidi.

Kesho tukarudi, na siku iliyofuata. Makopo yakaisha, tukapika mengine usiku kucha kwa zamu, nami nikakaa mbele ya sufuria ile kama nilivyoumbwa. Kule machimboni Bibi akaanza kukosoa chumvi. Akasema karoti ni nyingi, hii ni nyama au ni shamba? Mama Kulwa aliporudi kwenye gari alikuwa anatabasamu peke yake. "Anayekosoa chumvi," aliniambia, "ana mpango wa kula kesho." Na kule chini bado kulikuwa kimya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiulizwa, "Mmesikia kitu?" Watu walikula makaroni yao kila mtu na sahani yake, kama abiria wanaosubiri gari ambalo lazima litakuja.

Mchana ule wa mwisho ndiyo kwanza tulikuwa tunagawa sahani, majembe yakanyamaza ghafla. Vijiko navyo. Mtu akapiga kelele kutoka shimoni, na kwanza hatukuelewa kama ni kilio au ni nini. Kisha akatokea kijana aliyejaa udongo, akasema wamefika kwenye uwazi, na wanaongea. Wote watatu wanaongea.

Masanja alipandishwa wa pili, amefungwa kanga machoni jua lisimwumize. Kabula hakupiga kelele. Alimshika mguu, ule uliokuwa karibu, akaushika tu. Muuguzi aliyekuwa akisubiri pale akampa maji kwa kijiko, akamkataza kusema. Masanja akasema.

"Mnakula nini? Nasikia harufu."

"Makaroni," Kabula akamjibu.

"Makaroni?" Sauti ilikuwa kama ya mlango mkavu. "Mimi nakaa chini muda wote huo, nyie mko juu mnakula makaroni?"

Hapo ndipo watu walipolia na kucheka, na sikuweza kutofautisha nani anafanya lipi. Muuguzi alisema wote watatu ni uji mwepesi tu kwa leo. Lakini Bibi alikuwa ameshanyanyuka, kanga imelegea, mikono juu.

"Makaroni basi! Leo watu wale chakula! Wewe! Wewe wa shati! Washa moto, weka sufuria kubwa, tupike ugali uonekane mpaka Geita!"

"Bibi," nikasema, "unga hatukuja nao."

Mama Kulwa alikuwa amechutama, anapangusa kijiko kwa ncha ya kanga yake. Hakuinua kichwa.

"Upo kwenye gari," akasema. "Kule mbele kabisa, chini ya turubai."

Nikaenda. Nikapanda nyuma ya gari, nikasukuma hotipoti pembeni, nikainua turubai. Unga ulikuwepo. Maharage yalikuwepo. Sufuria kubwa ilikuwepo, na mwiko wake. Vilikuwa vimekuja na kurudi nasi safari zote zile, nami nimekaa karibu navyo na shati langu la Pasaka. Ndani ya sufuria kulikuwa na mashuka meupe matatu, mapya, bado yana mikunjo ya dukani.

Mashuka matatu, na chini ya shimo walikuwa watu watatu. Huko nyuma walikuwa wananiita, Figa, Figa, moto umeshashika. Nikayatoa mashuka, nikayaweka chini ya turubai, nikalifunika vizuri pembe zote. Kisha nikabeba unga.